Figo na kongosho kwa pamoja: hiyo kongosho huwekwa wapi?

dada_wa_likoni: Asalam aleikum jamani. Mdogo wangu ana sukari, ile ya sindano tangu utotoni, sasa ana 27 na figo zishakufa, kila Jumanne na Ijumaa alfajiri namvusha feri twende kwa mashine ya kusafisha damu. Juzi daktari kataja kupandikizwa figo na kongosho vyote pamoja. Figo mi niko tayari kumpa yangu, hapo kwa kongosho ndo sikufahamu. Ile ya zamani yatolewa? Na mbona mmoja aniambia yaungwa kwa kibofu cha mkojo, mwengine kwa utumbo?

nesi_wa_theta: Waaleikum salaam dadangu, Mungu amfanyie wepesi. Za zamani kwa kawaida haziguswi. Figo mpya mara nyingi hukaa kushoto chini ya tumbo, kongosho kulia, zaungwa na mishipa ya damu inayoshuka mguuni. Insulini, ile dawa ya sukari ambayo kongosho huitengeneza, si tabu, yaingia yenyewe kwa damu. Tabu ni yale maji ya kusagia chakula, ambayo pia kongosho huyatoa, lazima yapate njia, ndo kongosho huja na kipande cha utumbo wa mwenyewe. Zamani waliunga sana kwa kibofu, uzuri wake wapima amilesi, kimeng'enya kimoja cha maji hayo, kwa mkojo, ikishuka wajua pengine mwili waanza kukataa, lakini maji yale yana bikaboneti, ile chumvi ya kupunguza asidi, na yote yaishia chooni, mgonjwa akauka, damu yazidi asidi, mkojo wamchoma mpaka wengine hurudishwa theta kuhamishiwa utumbo. Siku hizi wengi waunga utumbo mwembamba moja kwa moja.

abu_tudor: Dada, vyote viwili kwa mara moja karibu kila mara hutoka kwa maiti mmoja, mara nyingi ubongo umekufa na moyo wapiga bado. Ya kwanza ilifanywa Minnesota, Marekani, 1966. Lakini figo yako haipotei bure, yuaweza kupewa hiyo kwanza aache mashine, kongosho ifuate baadae. Na dawa za kuzuia mwili usikatae ni za kila siku, ulizeni bei yake kabla hamjauza kiwanja.

nesi_wa_theta: Kweli kabisa. Na siku za mwanzo cha kuogopa zaidi ni damu kuganda kwa mishipa ya kongosho, muulizeni daktari wao wazuia vipi.

dada_wa_likoni: Ahsanteni sana. Usiku nimemsomea yote, akanishika kidole akakiweka juu ya fistula yake, ule mshipa wa mkononi uliounganishwa kwa ajili ya mashine, yavuma kama nyuki, akanambia "dada, wewe kapimwe kwanza". Ijumaa twenda sote.