Tupeane uzoefu: dalili sehemu za siri, utajuaje ni ugonjwa gani kabla ya kumeza dawa?

Mkaazi wa Umoja (ameanzisha mada)
Wadau, habari za leo. Hapa Nairobi mtu akiwashwa au akiungua anapokojoa, anakimbilia kemisti ya mtaa na kutoka na vidonge bila kupimwa. Tupeane uzoefu: aombe kipimo gani, wapi, na ni nini huharibu majibu? Mambo ya nani alimwambukiza nani tuyaache.

Nesi wa Eastlands
Nianze na neno "UTI", maana limegeuka kapu la kila kitu. UTI ni ya njia ya mkojo: unakojoa mara kwa mara, kidogo kidogo, na kibofu kinauma. Majimaji ukeni, harufu na mwasho wa nje ni mambo mengine, na kipimo cha kawaida cha mkojo hakitakwambia chanzo. Kwa hivyo ukifika kwa daktari usiseme "nina UTI". Taja dalili: zilianza lini, majimaji yana rangi na harufu gani, unaungua mkojo unapopita ndani au unapogusa ngozi ya nje, hedhi ya mwisho ilikuwa lini, na dawa zote ulizomeza mwezi huu, hata kidonge kimoja ulichopewa na jirani.

Majimaji yasiyo ya kawaida mara nyingi yanatokana na kimojawapo kati ya vitatu: bakteria wa uke kuvurugika, fangasi, au trikomonasi (kijidudu cha zinaa). Kwa macho hufanana kuliko watu wanavyodhani. Dawa ndizo hazifanani. Flukonazoli inaua fangasi lakini haimgusi trikomonasi. Metronidazoli inatibu hayo mengine mawili na kuwaacha fangasi walivyo.

Zahanati nyingi za umma hutibu kwa kufuata dalili, unapewa dawa za magonjwa mawili matatu kwa pamoja. Huo si uzembe, ni mwongozo, na faida yake ni kwamba unatibiwa siku hiyohiyo. Lakini dalili zikirudi, usikubali mzunguko wa pili bila kipimo.

Hadubini
Niongeze upande wa maabara. Kipimo cha majimaji ya ukeni, kwenye karatasi utaona HVS, huharibika kabla hujatoka nyumbani. Siku mbili kabla yake usifanye mapenzi, usiweke dawa ya ukeni, usijioshe ndani hata kwa maji matupu. Hedhi iishe kwanza, maana damu na manii hupandisha pH, yaani kiwango cha uasidi au ualkali. Kama sampuli itaoteshwa, yaani vijidudu vikuzwe maabara, itolewe kabla ya antibiotiki.

Sasa tazama mezani. Kijiti cha pamba kinachovywa kwenye tone la maji ya chumvi juu ya kioo, kisha kioo kinafunikwa na kuingia chini ya hadubini. Trikomonasi hutambulika kwa kutikisika: anajirusharusha katikati ya seli. Sampuli ikipoa anatulia, na akitulia hutamtofautisha na seli nyeupe ya damu. Ndiyo maana kioo kisomwe ndani ya dakika 10 hadi 20. Kijiti kilichokaa asubuhi nzima kikingoja bodaboda wa kukipeleka mjini kitarudi na jibu "hakuna kilichoonekana". Hata kikisomwa kwa wakati, hadubini inaweza kukosa karibu nusu ya wagonjwa. PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya kijidudu, inawapata vizuri zaidi.

Tone la pili huwekewa potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10. Seli zinayeyuka, nyuzi za fangasi zinabaki wazi. Harufu ya samaki ikipanda papo hapo, fikiria bakteria wa uke kuvurugika. Kuthibitisha hilo vinatakiwa vigezo 3 kati ya 4: majimaji mepesi yaliyotanda sawasawa, pH zaidi ya 4.5, harufu hiyo, na zaidi ya seli moja katika kila tano kugandwa na bakteria hadi kingo zake zinafifia. Fangasi peke yake kwa kawaida haipandishi pH. Karatasi ya pH ni kitu kidogo sana, na inaniuma kuona vituo visivyokuwa nayo.

Mkojo nao una njia mbili, usizichanganye. Kwa UTI: jisafishe, mwaga wa kwanza, kinga wa katikati, ufike maabara ndani ya saa moja au uwekwe frijini. Kwa PCR ya klamidia na kisonono ni kinyume: usikojoe kwa angalau saa moja, usijisafishe kwanza, kinga mkojo wa mwanzo kabisa, mililita 20 hadi 30. Kwa mwanamke, kijiti cha ukeni ni bora kuliko mkojo, na anaweza kujichukulia mwenyewe.

Wa Ngara
Na sisi wanaume, ndugu?

Hadubini
Kama usaha unatoka, upakwe kiooni na kutiwa rangi ya Gramu, rangi ya maabara ya kuwaonyesha bakteria. Kisonono huonekana ndani ya seli za usaha, na kwa mwanamume mwenye usaha kipimo hiki kinaaminika sana. Kwa mwanamke hukosa wengi. Klamidia haionekani kabisa kwa rangi hiyo, kwa hivyo "hakuna kisonono" haimaanishi huna kitu. Kisonono kikikataa dawa, omba kioteshwe na kijaribiwe dawa gani inakiua. Sampuli hiyo isiwekwe frijini wala isikauke, kijidudu kitakufa.

Korodani ikivimba na kuuma ghafla, achana na vipimo hivi vyote, nenda hospitali saa hiyohiyo. Huenda imejipinda, na muda wa kuiokoa ni kama saa 6.

Mshauri wa Kariokor
Vidonda: cha kaswende mara nyingi hakiumi, malengelenge ya herpes huuma na hutoka kwa vikundi. Hata hivyo usihukumu kwa macho. Damu ya kaswende inaweza kusoma hasi wiki za mwanzo, rudia. Herpes ipimwe kutoka kwa lengelenge bichi, si gamba lililokauka. Kipimo cha damu kinasema tu mwili ulishakutana na kirusi. Pima Ukimwi siku hiyo pia.

Casino pale River Road ni kliniki ya kaunti inayojulikana miaka mingi kwa magonjwa haya.

Nesi wa Eastlands
Fangasi ikirudi mara 3 au zaidi kwa mwaka, pima sukari, kisha omba kuotesha ili aina ijulikane, kwani Candida glabrata mara nyingi haisikii flukonazoli. Ukitibiwa klamidia, usirudie PCR kabla ya wiki 4. Mabaki ya bakteria waliokufa bado yatasoma chanya. Mwenzi wako atibiwe pia, na msikutane kimwili hadi siku 7 ziishe baada ya nyote wawili kutibiwa.

Dada mwenye mimba, au mwenye homa na maumivu ya tumbo la chini, aonwe leo. Kijiti kichukuliwe, dawa ianze, majibu yatamkuta njiani.