Naombeni ushauri: gemu ya Avatar itavuta wateja bandani?

Mzee wa Pedi:
Wakuu, habari za usiku. Nina banda la gemu huku Mbagala, mwaka wa nne sasa. PS4 tatu, TV tatu, feni moja. Madogo wanacheza mpira, mechi mia tano, aliyefungwa ndiye analipa. Siyo utajiri, lakini Luku na kodi ya fremu havijawahi kunishinda.

Sasa tangu jamaa wa kibanda cha video hapo jirani aonyeshe Avatar, kila dogo akiingia swali ni lilelile: "Bro, ile ya watu wa bluu huna?" Gemu yake ipo, inaitwa Avatar: Frontiers of Pandora. Niliikuta sehemu nikaicheza kama nusu saa hivi. Aisee! Msitu unawaka usiku kama taa za harusi. Leo siku ya tatu silali vizuri, naiwaza tu.

Swali langu fupi. Mliocheza hii gemu, ni nzuri au picha tu? Nataka maoni ya waliocheza, siyo waliosimuliwa.

Tui Bubu:
Mimi nimeimaliza kwa shemeji. Ilitoka Desemba 2023, ya kampuni ya Ubisoft. Wewe ni Na'vi, hao watu wa bluu, uliyechukuliwa mtoto na binadamu wa ile kampuni ya kuchimba madini, ukalelewa kambini kwao, ukalazwa usingizi wa barafu miaka na miaka, unaamka hata mila za porini kwenu huzijui. Mwanzo mtamu sana huo. Siku mbili za kwanza sikufanya misheni hata moja, natembea tu nagusa mimea. Ukimpata ikran wako, yule mnyama wa kuruka unayempanda, ukamrusha kutoka kwenye jabali, tumbo linabaki juu, wewe unashuka.

Ubaya wake ni kwamba baada ya hapo kazi ni moja. Kuna kambi inatoa moshi, nenda kaivunje. Umeivunja? Kuna nyingine kule. Halafu nilivyoicheza mimi ilipotoka, unaona kwa macho ya mhusika, kwa hiyo yule mtu mrefu mwenye mkia uliyemfuata kwenye filamu humwoni, unaona mikono yake tu. Shemeji alikasirika, akasema ni sawa na kununua suti kisha uvae gizani.

Kiroboto:
Mpaka hapa nakuelewa, mkuu, ila hesabu yako haijakaa. Una PS4 tatu. Hiyo gemu haipo kwenye PS4. Ni PS5, Xbox mpya na kompyuta. Utaichomeka wapi, kwenye feni?

Mzee wa Pedi:
Hilo la mashine niachieni mwenyewe. Mimi nimeuliza gemu ni nzuri au la.

Mtu wa Kibokoni:
Salamu kutoka Mombasa. Mnanikumbusha mbali. Binamu yangu aliletewa Nintendo 64 na babake kutoka Dubai, na gemu iliyokuwa nayo ni GoldenEye. Ile filamu ya James Bond ni ya 1995, gemu ikaja 1997, watu washaisahau filamu. Basi sisi tulikaa wanne mbele ya TV moja, kila mmoja na kipembe chake cha skrini, na sheria ya kwanza nyumbani kwa mjomba ilikuwa hakuna kumchagua Oddjob. Kwa nini? Kwa sababu ni mfupi, risasi zinampita juu ya kichwa. Binamu akimchagua kila siku, na kila siku mchezo waishia kwa shangazi kushika kandambili. Yuko Uingereza sasa, ana watoto watatu. Bado hajaomba msamaha.

Kiroboto:
Asante kwa historia, ndugu wa Mombasa. Mzee wa Pedi, PS5 unayo au huna?

Mzee wa Pedi:
Nimeshaongea na jamaa Kariakoo. Ana PS5 ya mkono wa pili, safi kabisa, na gemu yenyewe imo ndani.

Kiroboto:
Kuongea au kulipa?

Mzee wa Pedi:
Nimetanguliza kidogo.

Fundi Transfoma:
Kidogo ni shilingi ngapi? Halafu nikupigie hesabu bure, maana na mimi nilikuwa na banda Mwananyamala enzi za PS2 za kuchipu. Mpira mechi ni dakika kumi na mbili hivi, tuseme tano kwa saa, hiyo ni elfu mbili mia tano kwa mashine moja, na wengine watano wanasubiri kwenye benchi wanamcheka anayefungwa. Benchi ndiyo biashara yenyewe. Sasa gemu ya filamu ni ya mtu mmoja. Anakaa, anavaa uso wa huzuni, anatembea msituni saa nzima. Utamtoza nini? Ukimtoza elfu mbili kwa saa atasema ghali, atarudi kwenye mpira. Kucheza wawili kupo kwenye hiyo Avatar, lakini kwa intaneti, kila mtu mashine yake na TV yake. Pedi mbili kwenye skrini moja hakuna.

Na sevu je, ile kumbukumbu ya pale mtu alipoishia? Madogo kumi, kila mmoja na sevu yake. Siku mmoja akiandika juu ya sevu ya mwenzake utaitwa serikali za mtaa. Mimi niliitwa, kwa ajili ya Scarface.

Sharubu:
Fundi umetaja Scarface umenitonesha. Ile ya 2006 kwenye PS2! Filamu jamaa anakufa, gemu inaanza palepale kwenye jumba lake, ila safari hii wewe ndiye unamtoa mzima. Hapo ndipo nilipoelewa gemu ya filamu inatakiwa iweje. Usinirudishie nilichokiona, nipe kile nilichotamani kitokee. Nilikosa mtihani wa majaribio wa Jiografia kwa sababu yake. Mvua za tropiki mpaka leo sizijui.

Pilipili Hoho:
Mimi Spider-Man 2 ya 2004. Utando ulikuwa unashika kwenye jengo la kweli, hapakuwa na jengo huruki, unaanguka barabarani. Nilipeleka piza New York nzima kabla sijaijua piza inanukaje. Na yule mtoto anayelilia puto lake kila kona… Nilikuwa nalikimbiza puto huku mama ananiita nikachote maji.

Mzee wa Pedi:
Wakuu, turudi kwenye mada. Fundi, hesabu zako ni za zamani. Wateja wa sasa wanapenda kuangalia. Watakuja kuangalia, watanunua soda. Na mimi mwenyewe nilivyocheza pale niliona wazi madogo watapenda. Nilichagua upande wa wanajeshi, nikapewa bunduki ya moto, nikachoma msitu hatari. Watakaa tu. Nimetanguliza laki sita kati ya milioni moja na laki mbili, haya mmeridhika?

Shangazi wa Kilosa:
Mwanangu, mimi hayo magemu siyajui, napita tu. Laki sita umezitoa wapi ikiwa biashara ni ya kodi na Luku?

Mzee wa Pedi:
Shangazi shikamoo. Ni akiba.

Shangazi wa Kilosa:
Marahaba. Akiba ya nani?

Mzee wa Pedi:
Dada yangu yuko Muscat, anafanya kazi za ndani. Alinitumia laki nane mwezi uliopita, za mabati ya nyumba ya mama. Lakini msinihukumu haraka. Mama mwenyewe kasema upande wa chumba chake hauvuji, unavuja upande wa jikoni. Na masika hayaanzi mpaka Machi. Mpaka hapo gemu itakuwa imesharudisha hela. Dada nitamwambia fundi amesafiri.

Shangazi wa Kilosa:
Lo! Mtoto wa watu anaamka alfajiri kupiga deki nyumba za wenyewe, wewe unaenda kuchoma msitu kwenye televisheni. Mama hawezi kusema anavujiwa kwa sababu anakupenda. Umesikia? Mzazi hasemi. Mimi wangu aliniambia hivyohivyo kuhusu mguu, "hauumi sana", mpaka tukambeba.

Babu Kaseti:
Shangazi kasema ya nyumbani, mimi niseme ya gemu. 1982 kulikuwa na filamu ya E.T., dunia nzima ililia. Atari, kampuni ya magemu, wakataka gemu yake iwahi Krismasi, mtengenezaji Howard Scott Warshaw akapewa kama wiki tano tu. Unaingia mashimoni, unatoka, unaingia tena. Kaseti zilibaki mpaka zikaenda kufukiwa jalalani huko Alamogordo, New Mexico, na 2014 watu wakaenda kuzifukua kama makaburi. Kosa la wale wakubwa ni kama lako, kijana. Walihesabu waliokata tiketi ya filamu wakadhani ni wachezaji.

Sharubu:
Babu, lakini Warshaw huyohuyo alishatengeneza Yars' Revenge, gemu nzuri tu. Aliponzwa na muda.

Mpiga Chenga:
Ngojeni kwanza, wadau. Nimesoma uzi kuanzia juu, kuna kitu kinanikwaruza. Huyu anasema alichagua upande wa wanajeshi. Frontiers of Pandora haina kuchagua upande. Tui Bubu kaeleza hapo juu, wewe ni Na'vi kuanzia dakika ya kwanza mpaka mwisho, na hao wanajeshi ndio unaopigana nao. Mwanajeshi huyu mwenye bunduki ya moto katokea wapi? Mtu kasoma maelezo nusu, kachanganya na ndoto zake, kaongeza dada wa Muscat na paa la mama ili tulie. Hii ni chai. Tena ya rangi.

Pilipili Hoho:
Nimeleta vitumbua. Nani ana sukari?

Kiroboto:
Na mimi nimemhoji kwa uchungu kabisa kumbe nachanganyiwa tangawizi 😂

Shangazi wa Kilosa:
Kama ni uongo Mungu anakuona. Nimemtaja marehemu mama yangu humu.

Mzee wa Pedi:
Wallahi sijatunga! Nilichagua upande kabisa. Kuna mahali unafika wanakuuliza uwe na binadamu au na wale wa bluu. Nikabaki binadamu. Nilikuwa namwona mtu wangu mgongoni anakimbia. Kama natunga ningetunga ya kunisifu, siyo ya kula hela ya mabati.

Tui Bubu:
Mzee, jibu polepole. Yule mtu wako ulimwona mwili mzima, kwa nyuma? Picha zilikuwa kali au zimefifia, majani yanafanana?

Mzee wa Pedi:
Mwili mzima. Picha… nilidhani ni TV yake, ni ya zamani.

Tui Bubu:
Mpiga Chenga, mwombe radhi mwenzio. Kijana hakutunga, kachezeshwa. Hiyo ni gemu nyingine, James Cameron's Avatar: The Game, ya 2009, ilitoka pamoja na filamu ya kwanza. Ubisoft haohao. Ile ndiyo unachagua kampuni au Na'vi. Ilikuwa ya PS3, Xbox 360 na kompyuta. PS5 haina kabisa.

Mpiga Chenga:
Duh. Basi chai naimwaga. Lakini mtu mwenye banda miaka minne anakosaje kuitambua PS5? Ile mashine ni kubwa kama kigoda cha mbuzi.

Mzee wa Pedi:
Pedi ilikuwa ya PS5, nyeupe, niliishika mwenyewe. Mashine ilikuwa ndani ya kabati la TV. Alisema kuna joto, haifunguliwi ovyo.

Fundi Transfoma:
Kuna joto, kwa hiyo akaifungia kabatini?

Mzee wa Pedi:
Nilikuwa naangalia skrini, mkuu.

Fundi Transfoma:
Pedi ya PS5 unaichomeka hata kwenye kompyuta kwa waya. Kesho asubuhi nenda. Usiende peke yako, na usitaje hela kwanza. Mwambie afungue kabati.

Mtu wa Kibokoni:
Na akifungua, muulize pia kama ana Nintendo 64. Natafuta pedi, yangu kijiti cha katikati kishalegea.

Shangazi wa Kilosa:
Baba wa Mombasa, hebu na wewe.

Mzee wa Pedi:
Wakuu, nimetoka huko. Nimeenda na kaka wa kibanda cha video. Kabati limefunguliwa. Ni kompyuta, ile ya mezani, na waya wa pedi umepita kwa nyuma.

Lakini nisikilizeni kabla hamjaanza. Jamaa hakukimbia, hata hakushtuka. Amesema PS5 ipo kwa mwenzake Mwenge, alitumia kompyuta kunionyesha tu ladha ya gemu. Inakuja Ijumaa. Na amenipunguzia laki moja kwa usumbufu. Mtu tapeli hawezi kupunguza bei, si ndiyo?

Shangazi wa Kilosa:
Laki mbili zilizobaki ziko wapi, mwanangu?

Mzee wa Pedi:
Zipo, Shangazi. Moja na nusu.

Sharubu:
Jamani.

Babu Kaseti:
Nenda na mjumbe wa mtaa leo hii, kabla ya Ijumaa, mwandikiane. Uliandikiwa risiti?

Mzee wa Pedi:
Alinipa namba ya simu.

Kiroboto:
Mkuu, pole sana, kweli kabisa. Ila hiyo kompyuta anaiuza bei gani?