Usingizi na kifafa: Mircea Steriade aliviunganishaje?

Kijana wa Raskazone
Shikamooni wakubwa. Ninaandaa pendekezo la utafiti wa shahada ya uzamili katika fiziolojia, na msimamizi wangu ameniambia nichague jambo moja, ama usingizi ama kifafa. Kwangu mambo hayo hayajawahi kutengana. Kifafa cha mdogo wangu humjia alfajiri tu, kabla ya adhana, na kwa kuwa tumelala chumba kimoja miaka mingi, nautambua mlio wa kitanda chake kabla sijafumbua macho. Kukicha, mto huwa na doa la mate yenye damu, pale alipojing'ata ulimi. Nimekuta jina la Mircea Steriade katika maandiko ya usingizi na ya kifafa vilevile. Je, alianza na lipi, na aliviunganishaje bila kutangatanga?

Mwalimu wa Fiziolojia
Marahaba, mwanangu. Alianza na usingizi, na kifafa alikikuta humohumo ndani yake.

Steriade alizaliwa Bucharest, Romania, mwaka 1924, akasomea udaktari hukohuko, kisha akaenda Brussels kwa muda kufanya kazi na Frédéric Bremer, bingwa wa utafiti wa usingizi wa zama zile. Mwaka 1968 alihamia Chuo Kikuu cha Laval, Quebec, nchini Kanada, na huko ndiko alikofanya kazi zilizompa jina, hadi alipofariki mwaka 2006. Muda wote huo alikuwa akiuliza swali lilelile: seli moja moja ya ubongo hufanya nini mnyama anapolala? Ili alijibu, aliingiza elektrodi, yaani vichomeo vya kunasa umeme wa seli, nyembamba mno ndani ya seli za ubongo wa paka, kazi ambayo mtikisiko mdogo tu huiharibu.

Katika miaka ya 1980, yeye na wenzake walichunguza yale mafungu mafupi ya mawimbi ya umeme wa ubongo usingizini, 7 hadi 14 kwa sekunde, yanayovimba katikati na kuchongoka pande zote mbili kama pia. Waligundua kwamba chanzo chake ni tabaka jembamba la seli linaloizunguka thalamasi, sehemu iliyo katikati ya ubongo: thalamasi ikitengwa na tabaka hilo, mawimbi hutoweka, ilhali tabaka lenyewe, hata likiachwa peke yake, huendelea kuyatoa. Mwaka 1993, pamoja na Angel Nuñez na Florin Amzica, akaeleza wimbi la polepole, lisilotimia hata mara moja kwa sekunde, ambamo seli za gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, huchangamka kwa pamoja, kisha hunyamaza kwa pamoja.

Hapo ndipo lilipo jibu lako. Waliona wimbi hilo la usingizi likigeuka hatua kwa hatua kuwa mawimbi makali ya kifafa, 2 hadi 4 kwa sekunde, ndani ya seli ileile waliyokuwa wakiirekodi. Wengi walikuwa wakiamini kwamba mawimbi ya namna hiyo huanzia katikati ya ubongo. Maabara yake ilionyesha kwamba yanaweza kuzuka kwenye gamba la ubongo hata thalamasi ikiwa imeondolewa, na kwamba thalamasi inapokuwepo, seli zake nyingi hunyamaza wakati wa kifafa. Kwa maoni yangu, huo ndio ugunduzi wake mzito kuliko yote.

Mpima Mawimbi
Mimi hufanya kipimo cha EEG, yaani cha mawimbi ya umeme wa ubongo, hospitalini, na hilo naliona kila wiki. Tunamwomba mzazi amkeshe mtoto usiku, aje asubuhi akiwa na usingizi. Juzi mistari ya mtoto mmoja ilikuwa shwari kabisa alipokuwa macho; kope zilipolegea na usingizi kukolea, vilele vya kifafa vikaanza kuchomoza kimoja baada ya kingine. Mara nyingi hupungua mtu anapoingia usingizi wa ndoto. Mdogo wako apimwe akiwa usingizini pia, asikose dawa, wala usingizi siku zisizo za kipimo, na kifafa kikimjia mlaze ubavu, usimtie kitu chochote mdomoni.

Daktari Mwanafunzi
Naomba kuuliza kwa heshima: si paka wengi walikuwa wamepewa dawa ya usingizi? Usingizi wa dawa si usingizi wa asili.

Mwalimu wa Fiziolojia
Ni hoja ya haki, na Steriade mwenyewe aliijali. Mwaka 2001, akiwa na Igor Timofeev na François Grenier, alichapisha rekodi za ndani ya seli za paka waliolala usingizi wao wa kawaida, na wimbi la polepole lilikuwepo. Nakushauri, kijana, umpelekee msimamizi wako swali moja lenye sehemu zote mbili: kifafa cha wagonjwa wako huwajia saa ngapi, na katika hatua gani ya usingizi?

Kijana wa Raskazone
Nashukuru sana, mwalimu. Nitaliandika hivyo. Kuhusu mdogo wangu, nitamwombea miadi ya kipimo cha usingizini, na usiku wa kuamkia siku hiyo nitamkesha mwenyewe.