Uzi wa ushauri: Mwanastaji awajibu nini wanahabari shughuli inapokwama?

Mleta uzi, Lubumbashi

Wakubwa zangu na wenzangu, nawasalimu nyote kwa heshima. Nimo katika staji, yaani mafunzo ya kazi, kwenye ofisi moja ya uhusiano wa umma inayosimamia uzinduzi, maonyesho na matamasha hapa Lubumbashi. Staji yangu inakaribia kwisha, na shughuli ya mwisho nitakayosaidia ni kubwa kuliko zote: jioni ya sanaa itakayorushwa moja kwa moja redioni na kwenye Facebook, mbele ya wadhamini, viongozi wa jimbo na wanahabari wa hapa, huku wengine wakiifuatilia kutoka Kinshasa. Nimekabidhiwa meza ya wanahabari.

Naleta jambo hili kwenu kwa sababu ya yaliyotokea katika shughuli iliyopita. Umeme ulikatika kabla ya hotuba ya pili, jenereta ikachelewa kuwashwa, na mgeni rasmi alikuwa bado hajafika. Wanahabari walinizunguka mimi kwa kuwa ndimi niliyekuwa na beji na niliyekuwa karibu. Waliuliza kama shughuli imeahirishwa, kama mgeni amekataa kuja, na ni nani aliyelipia ukumbi. Wakuu wangu walikuwa nyuma ya jukwaa na simu zao hazikupokelewa. Niliwaambia wanahabari kwamba nitauliza kisha nirudi, na nilirudi kweli, lakini kabla sijarudi redio moja ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba mgeni ameisusia shughuli, ilhali alikuwa njiani tu.

Nauliza, basi: mwanastaji asiye na mamlaka ya kuisemea ofisi anaruhusiwa kusema nini katika dakika kama zile? Na swali la pili, ambalo naliuliza kwa uzito uleule: nimeambiwa nitawagawia pia wanahabari bahasha za fedha mwishoni mwa jioni. Naomba mnishauri.

Afisa mawasiliano, kampuni ya madini

Mdogo wangu, swali lako la kwanza hujibiwa siku moja kabla ya shughuli, na ukingoja mpaka taa zizimike utakuwa umechelewa. Mwombe mkuu wako mambo mawili kwa maandishi. La kwanza ni jina la msemaji mmoja na la naibu wake, na huyo naibu asipewe kazi yoyote jukwaani, kwa maana msemaji anayeshika kipaza sauti au anayempokea mgeni mlangoni hawezi kupokea simu yako. La pili ni sentensi chache zilizokubaliwa mapema kwa kila hali inayoweza kutabirika: umeme kukatika, mgeni kuchelewa, mvua, mtu kuugua ukumbini. Katika mji huu hakuna anayeweza kudai kwamba kukatika kwa umeme kulimshtua.

Ukiwa na karatasi hiyo mkononi, sema lile ambalo kila mtu analiona na ambalo ofisi imekuruhusu kulisema, kisha taja saa utakayorudi. Kwa mfano: «Umeme umekatika, mafundi wanawasha jenereta, shughuli haijaahirishwa. Nitarudi hapa saa moja kasorobo na taarifa nyingine, hata kama hakuna lililobadilika.» Halafu urudi saa hiyohiyo. Nimeona wengi wakishika nusu ya kwanza na kuiacha ya pili, kwa kudhani kwamba asiye na jipya hana sababu ya kurudi. Mwanahabari aliye hewani anahitaji kujua lini atapata neno, kwa sababu redio haiwezi kukaa kimya, na nafasi usiyoijaza wewe itajazwa na msikilizaji aliyepiga simu. Kuhusu sababu ya mgeni kuchelewa, usikisie kamwe, hata kwa nia njema. Na swali la nani amelipia ukumbi lipeleke kwa msemaji bila kutikisa kichwa wala kutabasamu, maana hata uso hunukuliwa.

Fundi sauti, Katuba

Nitasema machache ya upande wangu. Kabla milango haijafunguliwa, nenda kwa fundi umuulize: jenereta huchukua muda gani kushika, ni vifaa gani vitabaki vikiwaka kwa betri, na je, sauti ya redio inatoka kwenye mixer (mashine ya kuchanganya sauti) kwa waya wake wenyewe au mtangazaji ataelekeza kinasa sauti chake kwenye spika? Kwa matangazo ya Facebook, kuwe na laini za mitandao miwili tofauti, maana ukumbi ukijaa watu wote wanafungua simu na intaneti inazama. Mtu wa uhusiano wa umma si lazima ajue kufunga waya, lakini akijua kwamba jenereta inahitaji dakika tano hatawaahidi wanahabari dakika moja. Na umwombe mwongoza shughuli awe na kipaza sauti cha betri chenye spika yake ndogo, ili ukumbi usikae gizani bila sauti ya mtu.

Mwandishi wa redio

Dada, nazungumza kama mmoja wa wale wanaokuzunguka. Habari ya kwamba mgeni amesusia haikupaswa kutangazwa bila kuthibitishwa, na kosa hilo ni letu wanahabari. Ila nikueleze linavyozaliwa. Tunapewa mwaliko wenye saa ya kuanza tu, bila ratiba, bila majina kamili ya watakaozungumza wala vyeo vyao. Ikifika saa hiyo na jukwaa ni tupu, tunabaki na kiti kisicho na mtu, na mtangazaji anaeleza anachokiona. Mngetupa karatasi ya ratiba pamoja na maelezo mafupi ya wasanii na kazi zao, ningekuwa na la kusema hewani kwa robo saa nzima, tena lenye faida kwenu.

Jambo jingine ambalo ofisi nyingi za hapa husahau: Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Ukiandika kwamba matangazo yanaanza saa kumi na mbili jioni, andika wazi kwamba ni saa ya Lubumbashi na kwamba Kinshasa itakuwa saa kumi na moja. La sivyo, wenzetu wa huko watafungua ukurasa wenu wakati hotuba zimekwisha.

Kuhusu bahasha, nakuomba usizigawe. Kanuni za maadili za mwandishi wa habari wa Kongo, tulizo nazo tangu kongamano la mwaka 2004 lililounda chama chetu cha wanahabari, UNPC (Union Nationale de la Presse du Congo), zinakataza kupokea fedha au zawadi kwa ajili ya habari. Najua «coupage», yaani desturi ya kuwapa wanahabari fedha kwenye shughuli, imeenea, na najua mishahara yetu ilivyo, pale inapolipwa. Hata hivyo, anayepokea bahasha usiku hawezi kuandika asubuhi kwamba sauti ilikuwa mbaya.

Mama wa itifaki

Mwanangu, nakubaliana na mwandishi kwa kanuni, lakini naomba tuangalie pia hali ya watu. Kijana anayetoka mtaa wa Ruashi na kamera begani, shughuli ikamalizika usiku, atarudi nyumbani kwa usafiri gani? Nauli si rushwa. Kinacholeta ubaya ni namna ya kutoa: pembeni, kwa bahasha zisizolingana, baada ya kuona nani amesifu. Ofisi ikiamua kusaidia usafiri, iandike hivyo kwenye mwaliko, kiwango kiwe kimoja kwa wote, watu watie sahihi, na zitolewe wanapofika kabla hawajaandika neno lolote. Na azitoe mhasibu. Mwanastaji asishike fedha za ofisi, kwa sababu hesabu ikipungua hana wa kumtetea.

Mwandishi wa redio

Mama, nimekusoma kwa heshima. Basi la kuwarudisha wanahabari majumbani lingekuwa bora kuliko fedha, maana basi halimwombi mtu aandike chochote. Lakini kiwango kikiwa wazi kwenye mwaliko kama ulivyosema, angalau chombo chetu kitajua na kitaamua chenyewe.

Mhadhiri wa mawasiliano

Naongeza jambo moja ambalo mleta uzi anaweza kulitumia katika ripoti yake ya staji. Mwezi Oktoba mwaka 1906, treni ya kampuni ya Pennsylvania Railroad ilitumbukia majini karibu na Atlantic City, huko Marekani, na zaidi ya watu 50 walikufa. Desturi ya makampuni wakati huo ilikuwa kunyamaza na kuwazuia wanahabari. Ivy Lee, aliyekuwa akiishauri kampuni hiyo, alifanya kinyume: alitoa taarifa ya maandishi yenye yale yaliyojulikana, na wanahabari wakapelekwa hadi mahali pa ajali. Taarifa ile hutajwa mara nyingi kuwa ya kwanza ya aina yake. Kukatika kwa umeme si msiba, lakini utaratibu ni uleule: jambo lililojulikana hutolewa mapema na mwenye kulijua.

Angalia pia kandanda hapa kwetu. Katika mashindano ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, kocha huja mbele ya wanahabari baada ya mechi hata timu yake ikiwa imefungwa, na kila mwandishi aliyeingia uwanja wa klabu ya TP Mazembe pale Kamalondo kwa mechi hizo anajua hilo kabla mpira haujapigwa. Nashauri shughuli yenu iwe na saa na mahali pa msemaji kuwakabili wanahabari, itangazwe mapema, na isifutwe mambo yakiharibika, kwa kuwa hapo ndipo inapohitajika zaidi.

Mleta uzi

Nawashukuru sana, mama, kaka na mwalimu. Leo nimempelekea mkuu wangu rasimu ya sentensi za dharura pamoja na ombi la msemaji na naibu asiye na kazi jukwaani. Amekubali sentensi tatu na ameifuta ile ya mgeni kuchelewa, akisema itamuudhi mgeni. Bahasha zimehamishiwa kwa mhasibu, ila kiwango hakitaandikwa kwenye mwaliko. Je, niirudie hoja ya mgeni kuchelewa, au niiache?

Afisa mawasiliano, kampuni ya madini

Irudie kwa njia nyingine, mdogo wangu. Usimtaje mgeni hata kidogo. Andika: «Ratiba imesogezwa mbele kwa nusu saa, wasanii wako tayari na wataanza wao.» Kisha mwombe mkuu wako aweke kikundi kimoja cha muziki ambacho kinaweza kupanda jukwaani wakati wowote bila kumsubiri kiongozi yeyote. Akikubali hilo, sentensi yenyewe itakuwa ya kweli, na wewe hutakuwa na la kuficha mezani pako.