Mrejesho: kuhamisha machapisho ya zamani kutoka X kwenda Bluesky

Wakuu, niliuliza kwa nini programu ya kuhamishia machapisho yangu ya X (zamani Twitter) kwenda mtandao wa kijamii wa Bluesky inakwama njiani, kisha baadaye inaendelea yenyewe. Asanteni sana, hasa aliyeniambia nihesabu pointi badala ya machapisho. Tatizo lilikuwa hapo hapo.

Bluesky inampa kila mtumiaji kikomo cha pointi 5,000 kwa saa na 35,000 kwa siku; zikiisha, unasubiri. Kuunda kitu kipya kunakula pointi 3, kurekebisha 2, kufuta 1. Maana yake huwezi kuvuka machapisho 1,666 kwa saa. Kumfuata mtu au kubonyeza moyo navyo ni kuunda, kwa hiyo wakati wa kuhama tulieni kidogo. Na ukifuta ulivyohamisha ili uanze upya, unakatwa tena.

Sasa nimeipangia programu ipumzike kati ya chapisho na chapisho, na inakwenda vizuri. Tarehe za zamani zinabaki, nimefurahi mno, maana mle kuna picha za marehemu baba. Machapisho marefu kupita herufi 300, kikomo cha Bluesky, nayagawa mwenyewe.

Na kwa anayetumia Mastodon, mtandao mwingine wenye seva nyingi: anayehama seva moja kwenda nyingine ajue mapema: wafuasi wanahama naye, machapisho hayahami.