Tupeane uzoefu: kuna aliyekaa na mshauri akapata nafuu?

Dada zangu, hamjambo. Miaka saba ya ndoa, sijashika mimba. Hospitali nimezunguka, miti shamba nimekunywa. Lililonishinda ni mawazo: usingizi sina, harusi za Majengo nasingizia homa. Mshauri wa kwanza alinitolea karatasi ya maswali ya Kiingereza, akaniambia eti nijifunze kufurahia maisha bila mtoto. Nilibeba buibui langu nikaondoka. Wa pili aliuliza tu, "Moyo wako unasemaje, mwanangu?" Nikalia saa nzima. Nyie je?

Wa Likoni: Mimi nilijiita mti mkavu. Mshauri hakunibishia, aliniuliza: Bi Aisha, mke wa Mtume, Mama wa Waumini, alizaa? Nikanyamaza. Halafu akanipa daftari: kila neno hilo likinijia, niandike nilikuwa wapi na nani kalisema mwanzo. Wiki ya tatu nasoma, kumbe karibu yote ni maneno ya wifi yangu! Dua ya Nabii Zakariya ya kuomba mtoto hakunikataza, alitaka niisome bila kujilaumu.

Mama Paka (ndiyo, paka): Kwangu ilikuwa kazi ndogo ndogo. Nilikuwa nimeacha kukaanga viazi karai barazani. Mshauri akasema nirudie siku mbili kwa wiki, niandike moyo ulivyokuwa kabla na baada. Na tukafanya mazoezi ya kumjibu mavyaa, yeye akijifanya mavyaa. Alimuigiza vizuri mno, nikakasirika kweli.

Changamwe: Mwambieni mshauri amwite na mume. Wangu alikataa kupimwa miaka mitano, alikubali pale pale kwa mshauri. Mbegu chache. Sasa yeye ndiye halali usiku.

Bahari77: Mimi sikuendelea. Mshauri alikuwa jirani ya shangazi yangu, mji wenyewe huu mdogo. Baadaye nilianza kutamani kufa, daktari akanipa dawa na mshauri wa mbali. Dalili hiyo usiifiche, shoga.

Wa Likoni: Huko Harare, Zimbabwe, kina nyanya waliofundishwa huketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Dkt Dixon Chibanda ndiye aliyeanzisha, 2006. Kwa Kishona wao huita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Si ndiyo haya mawazo yetu?

Mwenye mada: Ndiyo hayohayo. Wa Likoni, huyo mshauri wako yuko ng'ambo ipi? Feri kwa miguu ni bure, navuka.