Nimegongwa Shekilango kwa kosa la kusimama kwenye zebra. Madereva wenzangu, tukivuka Rusumo kuingia Rwanda zile akili huwa tunazitoa wapi?

Wakuu heshima kwenu. Mods naombeni msiuhamishie huu uzi kwenye jukwaa la magari, kule wanajadili rimu na spoila, mi nina hasira na nataka watu wasome.

Jana asubuhi saa moja kasoro niko zangu na kaToyota IST kangu, naifuata Shekilango kutokea Bamaga. Mbele kuna zebra, pembeni wamesimama watoto wa shule ya msingi kama sita hivi, mmoja kamshika mkono mdogo wake ambaye begi limemzidi umri. Nikapunguza, nikasimama. Na sikukanyaga breki ghafla, toka mbali nilishaanza kupunguza, mtu wa nyuma mwenye macho mawili alikuwa na muda wa kutosha hata wa kupiga miayo. Yule mkubwa akaniangalia, hakuamini, nikamuonyesha mkono piteni. Akaweka mguu mmoja barabarani akaurudisha. Yaani mtoto wa darasa la nne anajua kabisa kwamba Dar gari ikisimama kwenye zebra huo ni mtego. Akauweka tena mguu na hapo ndo nikasikia PUUU nyuma.

Gari aina ya Noah. Kashuka jamaa hata gari yake hajaiangalia, kaja moja kwa moja dirishani kwangu: "We nani kakwambia usimame hapa? Kuna trafiki? Kuna taa?"

Wakuu naomba mrudie kuisoma hiyo. Mistari myeupe mipana kama mlango wa gereji iko chini ya tairi zangu na jamaa anauliza nani kaniambia nisimame. Watoto wamerudi pembeni mbio, kiatu cha yule mdogo kimebaki katikati ya mstari, na boda watatu wamepita hapo hapo kwa kasi ile ile, wa mwisho kanipigia na honi.

Trafiki akaja. Namwambia afande nilikuwa nawapisha wanafunzi. Akaangalia bampa langu, akaangalia Noah, akasema kwa upole kabisa kama mjomba: "Sheria unayo, sikatai, ila na wewe dereva uwe unaangalia na nyuma kabla hujasimama, hapa Dar."

HAPA DAR. Hilo neno ndo limenikosesha usingizi, bampa sio.

Maana mi kazi yangu ni semi, nabeba transit kutoka bandarini kwenda Kigali, mwaka wa tisa sasa. Chalinze, Moro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Nyakanazi, Rusumo. Njia nzima hiyo nawaona wenzangu na mimi mwenyewe nimo, tunaovateki kwenye kona, mlima Sekenke tunaupanda tumebanana kama ng'ombe wa mnada, mkanda unavutwa pale tu mtu akiona nguo nyeupe kwa mbali, na gari inayotoka mbele ikituwashia taa tunajua kuna tochi ya kupima mwendo, tunashuka mpaka 50 kistaarabu, tukishaipita tunarudi kule kule. Utingo wangu akimaliza maji chupa inaruka dirishani, hata hageuki kuangalia imeangukia wapi.

Sasa ukifika Rusumo, ukivuka lile daraja la mto Kagera unahama upande, huku tunaendesha kushoto kule kulia. Na semi zetu usukani uko kulia, kwa hiyo ukiwa Rwanda unaendesha umekaa upande wa mtaro, ukitaka kuovateki huoni kitu zaidi ya makalio ya gari ya mbele, inabidi utingo aliyekaa kushoto atoe kichwa akusomee barabara: "Twende dereva... tulia tulia tulia kuna Fuso... haya sasa." Maisha yako yote yako mdomoni mwa kijana wa miaka 22. Hata kipilefti kule unaizungukia kinyume, utingo anaiita kipiraiti.

Ungetegemea hapo ndo tumalizike, si tumegeuziwa dunia? Wapi. Watu wanaendesha kama wamebeba mayai. Kibao 60, jamaa yuko 58. Kuna zile kamera za barabarani wenyewe wanaziita Sofia, na Sofia haina njaa, haina shemeji, huwezi kuiambia tuyamalize. Kigali boda inabeba abiria mmoja na huyo mmoja kavaa helmeti. Nimeona bibi na mwavuli wake kafika kwenye zebra, hakugeuza shingo, kashuka tu barabarani na magari yakasimama. Na mimi nikasimama. Mimi! Na mzigo wangu wote mgongoni, na wala hakuna aliyenigonga kwa nyuma. Yule utingo wangu wa kutupa chupa, toka Rusumo mpaka Kayonza kabana chupa tupu katikati ya mapaja, namwambia si uiweke chini hapo, anasema dereva itadondoka nje watatukamata.

Siku tatu baadaye tunarudi. Tairi za mbele zimekanyaga tu upande wetu wa daraja, chupa hiyoo dirishani.

Kwa hiyo mtu asije hapa akaniambia hatujui sheria, tuelimishwe, sijui wiki ya usalama barabarani na stika kwenye kioo. Tunajua. Mtu yule yule, leseni ile ile, macho yale yale, kilomita moja nyuma alikuwa mhuni, kilomita moja mbele ni bwana harusi. Sheria ya kumpisha mtu kwenye zebra na huku ipo toka enzi, Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, wengi wenu humu hata hamjazaliwa.

Mnasema ooh Rwanda ni nchi ndogo. Haya, Marekani sio ndogo. Basi la shule likisimama likawasha taa nyekundu kushusha watoto, huruhusiwi kulipita, na kwenye barabara isiyo na kizuizi katikati mpaka wale wanaotokea mbele wanasimama. Wa mbele kabisa, ambao hata hawako upande wa basi! Huku basi la shule lenyewe ndo linatanua, linapita pembeni ya foleni.

Na faini zetu ndo usiseme. Kosa moja faini ni ile ile, awe dereva wa teksi, awe mwenye V8. Dereva wa teksi hiyo hela ni hesabu ya bosi imepotea, nyumbani siku hiyo hawali vizuri. Mwenye V8 kwake ni vocha. Finland faini ya mwendo kasi mkubwa wanaipima kwa kipato cha mtu, bosi mmoja wa Nokia alikuwa na pikipiki yake akaenda 75 kwenye 50, mwaka 2002 wakampiga faini ya euro 116,000. Baadaye ilipunguzwa alipokata rufaa, lakini hebu fikiria ile karatasi anakabidhiwa. Leta hiyo hapa Ali Hassan Mwinyi Road asubuhi moja tu muone watu watakavyonyooka.

Kingine kinachonichekesha kwa uchungu ni lugha ya barabarani. Shemeji yangu anaishi Uingereza, Desemba alikuja nikampa IST azunguke nayo. Kafika Mwenge anataka kukatiza, daladala kwa mbali ikampiga full, yaani ikamuwashia taa kubwa. Kwao kule mtu akikupiga full mara nyingi anamaanisha pita wewe, nimekuachia. Shemeji kainua mkono kashukuru, kaingia! Mungu tu ndo anajua ile Coaster ilipitia wapi. Konda kamtolea matusi ambayo dada yangu mpaka leo anakataa kunirudia. Full ya Dar maana yake naja, sina breki, shauri yako. Na hazadi, zile taa za dharura, ndo kabisa. Madereva wa Japani ukimpisha anawasha hazadi mara mbili tatu anakushukuru, zinazimwa. Gari ile ile ikishuka bandarini hapa hazadi inakuwa nanyooka, inakuwa nimepaki katikati ya barabara nanunua vocha, inakuwa niko kwenye msafara wa harusi nipisheni. IST yangu mpaka leo nikiwasha inaongea Kijapani, kuna mtu aliniambia inasema kadi ya kulipia barabara haijachomekwa. Maskini, bado inadhani iko kwao, sina moyo wa kuiambia.

Halafu taa. Jamani nchi gani nyingine taa zinawaka nyekundu na kijani vizuri kabisa na bado trafiki kasimama katikati anaita magari kwa mkono, taa inasema simama yeye anasema njoo, na wewe upande wako umekaa dakika ishirini unaiangalia kijani inakuja inaondoka kama mpenzi wa mtu? Unategemea huyo dereva aje aheshimu taa saa nne usiku akiwa peke yake? Si ndo mmemfundisha kwamba taa ni urembo. Njia ya mabasi ya mwendokasi nayo sisemi sana, toka 2016 mabasi yalipoanza mpaka leo boda wanaiona kama uchochoro wa kwao, na sio boda tu, kuna gari za watu wazima na suti zao humo ndani.

Wasweden mwaka 1967, tarehe 3 Septemba, nchi nzima ilihama kutoka kuendesha kushoto ikaenda kulia. Usiku mmoja! Saa kumi na moja kasoro dakika kumi alfajiri magari yakasimama, yakahamia upande wa pili, saa kumi na moja kamili safari ikaendelea. Samoa nao 2009 wakahama kutoka kulia kuja kushoto, ili wapate magari ya bei rahisi kutoka nchi zinazoendesha kushoto. Nchi nzima imebadilisha mkono na sisi kusimama sekunde kumi watoto wavuke tunaulizana nani kakwambia.

Najua kuna watu watanirukia, na wewe si umesema na wewe unaovateki kwenye kona. Ndio nimesema. Nikishashusha Kigali nikarudi, nikifika Kibaha nikikuta foleni na mimi natanua, nisiwadanganye. Mara ya kwanza unaona aibu, ukiona kumi wamekupita kwa pembeni na wewe unaingia, maana kubaki kwenye mstari unaonekana fala. Jana ndo nimeonja mimi niliyebaki kwenye mstari nikaitwa fala na bampa likaondoka.

EDIT: Kuna mkuu hapo chini anasema nilitakiwa niwashe hazadi kuwatahadharisha wa nyuma kwamba nasimama kwenye zebra. Mkuu, kwa hiyo zebra ni dharura?

EDIT 2: Mnaouliza ya Noah yaliishia wapi, jamaa kakiri mbele ya trafiki, kasema atanilipa mwisho wa mwezi, namba aliyonipa inaita haipokelewi. Yule mtoto kiatu alikipata, dada wa genge alikirudisha. Walivuka dakika kama kumi baadaye kwa kukimbia, zebra wameiacha wamepitia pembeni yake kidogo, na sikuwalaumu.

Mwenye bampa la nyuma la IST rangi ya silva aniPM, Ilala wameniambia laki mbili na nusu na lina mkwaruzo.